Umechoka na video fupi zisizo na kitu? Fuata hatua hizi uanze kutazama kwa kuchagua

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Natazama saa mbili, nikiweka simu chini sikumbuki hata video moja." "Nimefuta TikTok, nikajikuta nimehamia Reels za Instagram." "Nataka kujifunza kitu, lakini video ya dakika ishirini inanishinda, nairukaruka tu." Wanauliza wanafunzi, mafundi, akina mama wanaolea, watu wa ofisini. Nimeona niweke majibu yote mahali pamoja ili anayeanza ayafuate kwa mpangilio.

Tuelewane mapema: huu si mwongozo wa kuacha video. Kuna watu wamejifunza ufundi mzima kwa kutazama mtu aliye mbali akifanya kazi yake taratibu. Kinachochosha ni kutazama vitu ambavyo hukuvichagua, kimoja baada ya kingine, hadi jicho linauma na kichwani hamna kitu. Kila hatua hapa chini inalenga jambo hilohilo: uamue utatazama nini kabla ya kuwasha skrini.

Kwanza elewa kinachokukamata

Nadharia ni fupi. Ukurasa unaoendelea kujijaza bila kufika mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na mbunifu wa programu wa Marekani, Aza Raskin, ambaye baadaye alisema hadharani kwamba anaujutia. Zamani ulifika chini ya ukurasa, ukatakiwa kubonyeza ili kuendelea, na hapo ulipata nafasi ya kujiuliza kama bado unataka. Nafasi hiyo imeondolewa. Halafu mwaka 2012 YouTube ilianza kupima video kwa muda ambao watu wanabaki wakitazama, badala ya kuhesabu waliobonyeza tu. Instagram ikaleta Reels mwaka 2020, na mwaka 2021 YouTube ikaeneza Shorts, video zake fupi, duniani kote. Ndiyo maana kufuta programu moja hakusaidii: mtindo uleule umeingia karibu kila mahali unapopita.

Kwa hiyo acha kujilaumu kwamba huna nidhamu. Nidhamu unayo, ila inapambana na kitu kilichotengenezwa na watu wengi wenye kazi hiyo moja.

Tofauti ya klipu na somo

Chukua zipu ya kuficha kwenye gauni. Klipu ya sekunde arobaini inaonyesha kitambaa, zipu, mguu wa cherehani ukienda mbio, muziki, halafu dada amevaa gauni anageuka. Inapendeza, na ukimaliza unajiona umejifunza. Ukikaa kwenye cherehani lako, kitambaa kinakusanya mikunjo pembeni ya zipu na hujui pa kuanzia.

Sasa mtafute fundi anayechukua nusu saa. Kabla ya kushona anaigeuza zipu na kuyalaza meno yake kwa pasi isiyo kali, kwa sababu meno yakibaki yamejikunja sindano haitayafikia kwa karibu. Anaanzia juu kushuka chini. Anakwama: upande mmoja umepanda kuliko mwingine. Anafumua mbele yako, anaweka alama za chaki pande zote mbili, anarudia. Anakuambia kwa nini aliacha kushona kabla ya kufika mwisho wa zipu, na jinsi atakavyoufunga mshono uliobaki. Hapo pa kufumua ndipo penye somo lenyewe, na ndipo klipu inapokata.

Ukishaiona tofauti hiyo kwa kazi unayoijua wewe, iwe kupika, kufuga, kutengeneza pikipiki au kusoma historia, sehemu iliyobaki ya mwongozo huu itakuwa nyepesi.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Simu yako, pamoja na nywila za akaunti zote unazotumia kutazama.
- Daftari dogo na kalamu. Iwe karatasi kweli. Ukifungua simu ili uandike, utaishia kwingine.
- Saa ya mezani yenye kengele, hata ile ya betri moja ya bei rahisi. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 7.
- Muda wa kama saa moja wenye utulivu, mchana, ukiwa hujachoka.
- Mtu mmoja wa nyumbani au rafiki anayejua unachokifanya. Si wa kukusimamia, ni ili asishangae usipojibu klipu alizokutumia.

Hatua ya 1: Tazama ulichokuwa ukitazama

Kwenye Android nenda kwenye mipangilio, tafuta Digital Wellbeing. Kwenye iPhone tafuta Screen Time. Andika daftarini programu tatu zinazokula muda mwingi na wastani wa kila moja kwa siku. Tatu zinatosha.

Kisha fungua historia ya kutazama kwenye YouTube na TikTok. Pitia video ishirini za mwisho, na kwa kila moja jiulize: ningemwambia mtu ninayempenda aitazame? Weka alama ya ndiyo au hapana. Wengi huishia na "ndiyo" mbili au tatu. Hizo chache zizungushie duara, maana zinakuonyesha unachokipenda kweli chini ya takataka zote.

*Onyo:* usifanye hatua hii usiku kitandani. Utaingia kwenye historia, uguse video moja "ya kukumbukia tu", na saa itapita.

Hatua ya 2: Andika maswali matatu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaandika mada: "ushonaji", "kilimo", "historia". Mada haina mwisho, na ukiitafuta utaletewa klipu zilezile. Andika swali ambalo likijibiwa utajua limejibiwa:

- Nitawekaje zipu ya kuficha bila kitambaa kukunjamana?
- Kwa nini kuku wangu wanadonoana, na nianze kurekebisha nini bandani?
- Vita vya Majimaji vilivyoanza 1905 vilifikaje hadi Ungoni?

Moja liwe la kazi au kipato, moja la nyumbani, moja la kukufurahisha tu. Hilo la tatu usiliache. Mtu anayejilazimisha kutazama vya manufaa pekee hurudi kwenye klipu haraka, kwa kuwa hana tena pa kupumzikia.

Hatua ya 3: Safisha akaunti

YouTube: ingia kwenye historia ya kutazama, ifute yote, kisha izime. Tangu Agosti 2023, mtu aliyezima historia na asiye na historia ya nyuma hapangiwi mapendekezo kwenye ukurasa wa mwanzo. Anaona ukurasa mtupu wenye sehemu ya kutafutia. Huo utupu ndio tunaoutaka. Utaingia na swali lako, utaliandika, basi.

TikTok: kwenye mipangilio, sehemu ya mapendekezo ya maudhui, kuna chaguo la "Refresh your For You feed". Linaanza upya kana kwamba akaunti ni mpya.

Instagram: nayo ina chaguo la kuanzisha upya mapendekezo, lililotangazwa Novemba 2024, ndani ya mipangilio ya maudhui.

Ukishamaliza, pitia chaneli na akaunti unazozifuata. Usijiulize kama ni nzuri. Jiulize: kwa miezi michache iliyopita, kuna kitu nimekifanya kwa sababu ya huyu? Kama hakuna, ondoa. Unaweza kumrudia siku yoyote.

*Onyo:* kusafisha bila kubadilisha mwenendo hakudumu. Ukianza tena kutazama chochote kinacholetwa, mfumo utakujifunza upya ndani ya muda mfupi sana. Hatua ya 4 ifanye siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Ziba njia za kuingilia

Zima arifa zote za programu za video, bila kubakiza hata moja. Zima kitufe cha video inayofuata kujicheza yenyewe. Ondoa alama za programu hizo kwenye uso wa kwanza wa simu ili uzitafute kwa jina kila unapozitaka. Sekunde tano za kuandika jina zinatosha kukukumbusha ulikuwa unafuata nini. Weka kikomo cha muda kwa siku ukitumia Digital Wellbeing au Screen Time, ila kiwe cha kweli. Aliyezoea saa tatu akijiwekea dakika kumi atakivunja siku ya kwanza na hatakiheshimu tena. Anza na nusu ya ulichoandika kwenye hatua ya 1.

Kuna faida nyingine, ya mfukoni. Programu za video fupi hupakua kabla video zinazofuata ili zisikwame unapopitisha kidole. Maana yake unalipia bando kwa video ambazo huenda usizitazame kabisa. Kama umekuwa ukishangaa MB zinaenda wapi, anza kuangalia hapo.

Hatua ya 5: Panga foleni ya video tano

Hii ndiyo kazi kubwa, ipe muda. Chukua swali lako la kwanza, litafute, na uchague video zisizozidi tano. Andika majina yake daftarini. Usizirundike kwenye orodha ya kutazama baadaye. Orodha ile haina ukomo, na ikishafika video mia inakuwa mzigo mwingine wa kukuchosha.

Namna ya kutafuta: usikubali neno moja. Badala ya "zipu", andika "jinsi ya kuweka zipu ya kuficha gauni hatua kwa hatua". Jaribu maneno mengine ambayo mafundi wenyewe wanatumia. Tumia kichujio cha urefu wa video na uchague ndefu. Usipopata kwa Kiswahili, jaribu lugha nyingine unayoielewa. Kazi za mikono hata lugha usiyoijua vizuri unaweza kuzifuata kwa macho.

Namna ya kupima kabla ya kuiweka kwenye foleni. Fungua video, peleka katikati kabisa, tazama dakika moja. Unatafuta ishara hizi:

- Kazi inaonekana ikifanyika kwa mkono wa mtu, na makosa hayakukatwa.
- Vipimo vinatajwa: sentimita ngapi, gramu ngapi, siku ngapi, bei gani.
- Kama ni historia au afya, msemaji anataja alikopata habari: kitabu, nyaraka, mtu aliyeshuhudia, daktari wa fani hiyo.
- Kwenye maoni, watu wanauliza maswali halisi na mwenye video anayajibu. Maoni yakiwa ni moto na makofi matupu, endelea kutafuta.

*Onyo:* urefu haumaanishi kina. Zipo video za saa nzima ambazo ni sauti ya kompyuta inasoma maandishi juu ya picha za kuokoteza, haina mtu nyuma yake anayejua kitu. Nyingine zinakuahidi siri mwanzoni, kisha zinakuzungusha dakika ishirini. Ukipeleka katikati ukakuta bado wanaahidi, toka. Kwenye YouTube, video ya namna hiyo ikiletwa kama pendekezo, gusa vidoti vitatu pembeni yake na uchague "Don't recommend channel".

Na kuna maswali ambayo video si jibu lake. Swali la Majimaji nililotaja hapo juu utalijibu vizuri zaidi maktaba. Ukiwa Dar es Salaam, Maktaba ya Taifa iko barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mikoani ziko maktaba za mikoa. Kenya kuna maktaba za umma katika kaunti nyingi. Video moja nzuri ikutie hamu, kitabu kikupe kisa chote.

Hatua ya 6: Tazama ukiwa umekaa

Chagua kiti kimoja na wakati mmoja. Iwe baada ya chakula cha jioni, iwe alfajiri kabla watoto hawajaamka, wewe ndiye unayejua ratiba yako. Jambo la msingi ni kutotazama ukiwa umesimama kwenye foleni, chooni, au sufuria iko jikoni. Muda wa kusubiri daladala uache uwe wa kusubiri. Siku za kwanza utaona mikono haina pa kwenda, halafu itatulia.

Fungua video ya kwanza kwenye foleni, ijaze skrini nzima, daftari pembeni. Ukifika penye jambo muhimu, simamisha na uandike kwa maneno yako. Ukisikia hamu ya kuruka mbele, usiruke; simamisha, nyoosha mgongo, endelea. Kama dakika ishirini ni nyingi, tazama kumi, andika ulipoishia, rudi kesho. Umakini uliozoea vipande vya sekunde unarudi kidogokidogo, kama mguu uliotolewa plasta.

Ukimaliza, fanya kitu kimoja ulichokiona, siku hiyohiyo au kesho yake. Shona zipu kwenye kitambaa chakavu. Nenda bandani uhesabu kuku na upime nafasi. Kama ni hadithi au historia, msimulie mtu. Usipofanya chochote, nayo itapotea kama zile nyingine.

Hatua ya 7: Uokoe usiku

Saa nyingi zinazopotea hupotea kitandani, kwa kisingizio cha "nakagua saa" au "naweka alamu". Ndiyo maana nilikuambia utafute saa ya mezani. Simu ichajiwe sebuleni au upande wa pili wa chumba. Kama wewe ni mtu wa kupigiwa simu za dharura, iache na sauti ya mlio, lakini mbali na mkono.

Kama huwezi kulala bila kusikia kitu, hamia kwenye sauti. Pakua kipindi mapema, weka simu kifudifudi, sikiliza. Idhaa ya Kiswahili ya DW ina michezo ya redio ya kusikiliza bure, na wapo watangazaji wengi wa podikasti wa Kitanzania na Kikenya wanaozungumza kwa utulivu. Kwa bando pia ni nafuu: sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula takriban MB 29 kwa saa nzima.

Hatua ya 8: Kagua kila wiki

Siku moja kwa wiki, fungua daftari. Swali gani limejibiwa? Lifute, andika jipya. Foleni imebaki na ngapi? Jaza zifike tano. Rudi Digital Wellbeing, linganisha saa na zile za mwanzo, na upunguze kikomo kidogo kama unaona unaweza. Dakika kumi na tano zinatosha.

Ukikwama

*"Biashara yangu iko Instagram na TikTok, siwezi kutoka."* Usitoke. Tenganisha kuweka na kutazama. Tengeneza video zako zote kwa mkupuo mmoja, ziweke kwa saa maalumu, jibu wateja, funga. Kama unaweza kutumia kompyuta kuweka video na kujibu ujumbe, afadhali zaidi. Akaunti ya biashara isifuate mtu yeyote wa burudani.

*"Makundi ya WhatsApp yanajaa klipu."* Zima upakuaji wa video wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data. Nyamazisha makundi yasiyo ya familia wala kazi. Klipu kutoka kwa shangazi au mjomba ijibu kwa salamu na ujue hali yake. Mara nyingi alikuwa anataka mazungumzo tu.

*"Nalala kila nikianza video ndefu."* Huenda umechoka kweli na mwili unadai usingizi ambao klipu zilikuwa zinauzuia. Lala. Kutazama kuhamishie asubuhi.

*"Nimefanya yote, siku kadhaa nzuri, halafu nimeanguka jioni nzima."* Rudia hatua ya 3 na ya 4 tu, usianze upya kila kitu. Kisha angalia kilichotangulia jioni hiyo: njaa, ugomvi, upweke, siku ngumu kazini. Andika daftarini. Ukiona ni jambo lilelile kila mara, hilo ndilo la kushughulikia.

*"Hakuna kinachonivutia tena, si video, si watu, si chakula."* Hapo tatizo si simu. Hali hiyo ikiendelea wiki mbili au zaidi, zungumza na mtu unayemwamini na nenda kituo cha afya umweleze mhudumu kama ulivyonieleza mimi.

*"Watoto wamezoea, nikiwanyang'anya simu wanalia."* Usiwanyang'anye ghafla huku wewe umeshika yako. Anza na kipindi kimoja kwa siku, chenye mwanzo na mwisho, kwenye skrini kubwa kama ipo, na mkitazame pamoja. Ubongo, shirika la Dar es Salaam, linatengeneza katuni za Kiswahili za hesabu, sayansi na za watoto wa awali, zinafaa kuanzia. Kikiisha, zima mbele yao na uwaulize kilichotokea ndani yake. Wakisimulia vibaya, wasahihishane wenyewe. Kwa wiki ya kwanza panga kitu cha kufanya mara tu baada ya kuzima, kuoga, kula au kwenda kucheza nje, ili wasibaki wameduwaa mbele ya skrini nyeusi wakisubiri iwashwe tena.